Uliyeimbwa Nyamirembe

Kijiji cha Ujamaa Kaniha,
Biharamulo.
16 Septemba 1979

Kwa Kaka Shilinde Bulugu, kambini Masaka.

Kaka mpendwa, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa na afya njema, na uzima nilio nao mimi ndio ninaokutakia wewe na wenzako wote mlio ugenini. Malongo, jirani yetu, alirudi mwezi uliopita na koti la jeshi na kikohozi. Alituambia kwamba amekuacha salama, umenenepa kidogo, na umepewa ukoplo. Nilipiga kigelegele mpaka kuku wakatawanyika. Je, kile kidole kilichoumia kimepona? Mnakula nini huko? Tunasikia kwamba Waganda hawawezi kulala bila kula ndizi, na wewe tangu utotoni ndizi ulikuwa unampa mbwa kwa siri. Mungu amekulipa.

Huku kwetu hatujambo. Mihogo imekubali, pamba imekataa. Sukari tumeisahau ladha yake, na sabuni tunaipangia foleni kwenye duka la kijiji, zamu ikikufikia unaambiwa imekwisha. Wanangu wote wazima, na huyu wa mwisho amefanana na wewe paji la uso na ubishi pia. Baba yupo. Magoti yanamsumbua, lakini anatembea. Yule ng'ombe wako mwekundu amezaa ndama jike, na Baba anamchunga mwenyewe, hataki mtu mwingine amguse, ingawa mwanzoni ukimuuliza ni ndama wa nani alikuwa anaangalia pembeni.

Sasa, kaka, tafuta mahali ukae. Barua hii ni ndefu, na mwishoni ina jambo ambalo hutalipenda. Nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa askari wanaokuja likizo na kurudi huko na maneno ya njiani. Sitalitanguliza, kwa kuwa nakujua, nikilitanguliza utaikunja barua na kuitia mfukoni. Lisome kama lilivyotokea.

Mwezi wa saba lilitangazwa tamasha la ngoma la wilaya zetu mbili, Ngara na Biharamulo, la kuwapokea mashujaa wa vita. Lilipangwa lizunguke mji hata mji: lianzie Ngara, liende Rulenge, lije Nyakanazi, lipitie Biharamulo mjini, na limalizikie Nyamirembe, pale ziwani meli inapotia nanga. Kila kijiji chenye kikundi kilitakiwa kutoa kikundi, na wenye kufika mpaka ziwani wangeonekana na wakubwa wote wa mkoa. Msimamizi wake alikuwa Bwana Anastazi, mtu wa suti ya Kaunda na filimbi shingoni. Filimbi ile alikuwa haivui hata akila. Alikuja Kaniha kwa pikipiki, akatukusanya mbele ya ofisi ya kijiji, akauliza manju wetu, mtunzi na kiongozi wa nyimbo, ni nani.

Watu wote wakamgeukia Baba. Na wewe ungemgeukia. Bulugu aliyekuwa akiimba kwenye mashindano ya ngoma, wa upande wa pili wakaacha uwanja wao na kuja kumsikiliza! Lakini tangu tuhamishwe kutoka kwetu Mwabulugu mwaka sabini na nne, Baba alikuwa hajaimba. Sauti anayo. Nilikuwa nimemsikia mara nyingi akichunga, anaanza kuguna mahadhi, kisha anajikata mwenyewe. Na kulikuwa na jina moja ambalo alikuwa hajalitamka tangu mwaka ule, na hakuna mtu kijijini aliyelitamka akiwa karibu naye. Siku ile Baba aliinua fimbo yake akaninyooshea mimi.

Usicheke. Wewe uliondoka ukiniacha dada mwenye mdomo tu, lakini miaka hii mdomo umepata kazi. Kwenye shamba la ujamaa ni mimi ninayewaimbisha wanawake wakati wa kulima, na wanaume wachache waliobaki baada ya ninyi kwenda vitani walijiunga nasi wenyewe, maana bila wimbo lile shamba halilimiki. Na wimbo wanaoupenda kuliko wote ni wa Mwabulugu. Niliutunga mwaka uleule wa kuhamishwa. Unaanza njia panda, unapita kwenye zizi, unalitaja ghala la mtama, unawataja majirani mmoja mmoja kwa majina ya kaya zao, unafika kwenye kaburi la Mama kando ya zizi, kisha unafika mlangoni kwa Baba. Hapo unakatika. Kwa miaka mitano wimbo ule haukuwa na mwisho, na kila aliyeuimba alijua kwa nini umeishia mlangoni.

Bwana Anastazi alitusikiliza tukiuimba tukirusha majembe. Alisema mahadhi ni mazuri sana, lakini maneno yanatazama nyuma, na tamasha linatazama mbele. Akatupa wimbo wake wa kukaribisha mashujaa, ambao vikundi vyote vilitakiwa kuuimba. Wimbo wetu wa pili, akasema, umsifu shujaa wa hapahapa Kaniha. Habari zako za kumbeba mwenzako aliyejeruhiwa na kuvuka naye mto Kagera huku risasi zinapita alikuwa nazo tayari, na alizisimulia kwa mikono yote miwili. Mwabulugu akaukataza. Alisema akiusikia katika mji wowote kati ya ile mitano, Kaniha itarudi nyumbani kwa miguu.

Nikakubali. Nakuambia ukweli, kaka, hakuna aliyenilazimisha kukusifu. Nilikutungia wimbo kwa moyo wangu wote, na nilipofika mahali unapomweka mwenzako chini ng'ambo ya mto, nililia machozi ya kweli. Ulifanya jambo kubwa. Hilo sitalifuta, na katika yote utakayoyasoma hapa chini, ujue sijalifuta.

Tukasafiri kwa lori la pamba, wanawake wengi na wanaume wachache, na ngoma ya kanisa tuliyoazimwa na katekista Idefonsi. Ngoma kubwa ya Baba iliungua na nyumba. Idefonsi alitupa sharti kwamba ngoma yake isipigiwe mambo ya kipagani, na Limi, mtoto wa shangazi, ambaye ndiye mpigaji wetu, akamjibu kwamba ngoma haijui dini, inajua mkono. Ngara kulikuwa na baridi ya milimani, mpaka wenzetu walicheza wamejifunga shuka mbilimbili. Wahangaza walipiga ngoma zao tukahisi ardhi inatikisika, nasi watu wa majembe tukajiona wageni. Tuliimba wimbo wa ofisi, tukaimba wimbo wako. Watu wakapiga makofi. Rulenge vilevile.

Ngara ndipo nilipofahamiana na Nyirabahizi. Ni mama mtu mzima kutoka Rwanda, aliyekimbia na wazazi wake wakati wa fujo za mwanzo kule kwao, mjane sasa, na anaongoza kikundi cha wanawake wa makazi ya wakimbizi. Wanacheza wameinua mikono juu kama pembe za ng'ombe. Sisi Wasukuma ng'ombe tunamchunga, kumbe kuna watu wanamcheza! Nilimtania hivyo, akacheka, akaniambia kwamba na sisi tunalicheza jembe kwa kuwa tunalala nalo. Tangu siku hiyo tukawa tunakaa pamoja kwenye lori.

Tulipofika Nyakanazi, lori lilikosa dizeli, tukakaa pale njia panda siku nzima tukinywa uji na kusubiri. Wanawake wetu, kwa kuchoka, wakaanza kuimba Mwabulugu taratibu, wamekaa chini, bila ngoma. Nyirabahizi alisikiliza, ingawa Kisukuma hakijui, kisha akaniuliza kwa nini wimbo umekatwa. Nikamweleza. Nilimweleza yote, kaka, mpaka lile ambalo sisi hatulisemi. Aliunywa uji wake ukaisha. Kisha akasema kwamba yeye alifukuzwa na watu wasiojua hata jina lake, na bado akisikia sauti zao kwenye redio anazima. Akaniuliza, mimi niliyetolewa na mtu wa kwetu, nazima nini? Nilikasirika. Nilimwambia mambo ya kwetu hayamhusu. Lakini swali lake lilipanda lori pamoja nami.

Biharamulo tulichezea pale chini ya boma la Wajerumani. Wakubwa walikuwa wamekaa kivulini, sisi juani. Nilipomaliza wimbo wako walisimama, na mmoja akashuka akanivika kitenge kipya mabegani, kitenge ambacho hata kwa foleni ya wiki nzima hukipati. Bwana Anastazi alikuwa akitabasamu mpaka filimbi ikamdondoka mdomoni. Tukapewa siku chache za kurudi nyumbani kabla ya kwenda ziwani.

Nilimpelekea Baba kile kitenge nikidhani atafurahi. Alikishika, akakipima kwa vidole, akaniuliza nimeimba nini hata nikapewa kitu kizuri namna hii. Nikamwambia. Akauliza kama nimeimba Mwabulugu. Nikasema hapana, umekatazwa. Alikikunja kitenge vizuri, akanirudishia, akasema ni wimbo mzuri kwa mtu ambaye kwao hakujaungua. Halafu akasema kwamba Nyamirembe atakuja mwenyewe. Sikulala vizuri siku zile. Nilikuwa na hasira, kwanza na yeye, kisha na Bwana Anastazi, kisha na wewe, na mwishoni nilibaki na hasira na mimi tu, maana kati yetu wote mwenye wimbo nilikuwa mimi.

Basi, Nyamirembe. Uwanja ulikuwa umejaa kutoka kwenye maghala ya pamba hadi majini. Watu walikuja kwa mitumbwi, kwa baiskeli, kwa miguu, Wazinza na Wasukuma na Wahaya, na wanajeshi waliorudi walikaa mbele kwenye mabenchi ya shule. Wakubwa walikuwa chini ya turubai. Baba tulimkalisha kando, juu ya gunia la pamba, na fimbo yake katikati ya magoti.

Tukaimba wimbo wa ofisi. Tukaimba wimbo wako, ukavuka mto, ukamweka mwenzako chini, makofi yakalia. Hapo ndipo nilipotakiwa kuinama na kutoka. Sikuinama. Nilimtazama Limi, na Limi ananijua, akalirudisha pigo la jembe, na wanawake wote wakainua majembe. Nikaianza njia panda ya Mwabulugu.

Bwana Anastazi akapuliza filimbi. Tukaendelea. Akapuliza tena, akaja mbio mpaka mbele yangu, akanionyesha kwa mkono nitoke. Nikamzunguka nikiimba zizi. Hakuthubutu kunishika mbele ya wanajeshi, basi akafanya alichodhani ni werevu. Aliamuru kwaya ya shule, iliyokuwa ikisubiri zamu yake, isimame palepale pembeni yetu ianze kuimba kwa nguvu, itumeze.

Kaka, wewe unacheka sasa. Najua unacheka. Mtu wa Bukoba yule, nani angemwambia? Kwa watu wa huko kwao pengine ni njia ya kumnyamazisha mtu. Lakini mbele ya Wasukuma, kuweka kikundi cha pili sambamba na cha kwanza ndiyo kufungua mashindano! Ndivyo tulivyokuwa tukifanya tangu zamani, vikundi viwili uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na watu wenyewe wanahukumu kwa miguu yao, anayewavuta ndiye mshindi. Kila Msukuma pale uwanjani aliona kwamba msimamizi mwenyewe ametangaza ushindani, na kila mmoja akasimama kuchagua upande. Kelele zilizotoka hapo zilisikika ng'ambo ya ghuba. Wazee waliokuwa wamesinzia waliamka. Wakaanza kuja. Wa kwaya waliimba kwa bidii, watoto wa watu, lakini uwanja wao ukapungua, ukapungua, mwishoni mwalimu wao alikuwa anawaongoza mbele ya mbwa wawili, na kisha hata mwalimu akageuka kututazama. Nyirabahizi na wanawake wake walikuja wakasimama nyuma yetu wameinua mikono yao ya pembe. Wanajeshi waliyabeba mabenchi yao na kuyaleta kwetu.

Nikapita ghala. Nikawataja majirani, na kila jina nililolitaja kulikuwa na mtu aliyeitikia katika umati, watu waliotawanywa vijiji mbalimbali, sijui walikuwa wamefikaje. Nikafika kaburini kwa Mama. Nikafika mlangoni.

Hapa ndipo penye lile nililokuambia hutalipenda.

Sikukata. Niliufungua mlango. Niliimba kwamba Baba alikuwa amekaa kizingitini siku ile, akakataa kuondoka. Kwamba wahamishaji walikuja, na aliyewaongoza alikuwa mgambo kijana, mwenye kiberiti. Kwamba kijana yule alimwinua mzee kwa mikono yake, kwa upole, akambeba mpaka zizini, akamweka chini, kisha akarudi akawasha paa. Kwamba aliianza nyumba hiyo kabla ya nyumba nyingine zote, ili asionekane anapendelea kwao. Niliimba hivi, na nakuandikia kwa Kiswahili ili kila atakayeifungua barua hii njiani naye aelewe:

Mikono iliyombeba mwenzake kuvuka Kagera,
ndiyo mikono iliyombeba Baba kumtoa kwake.
Mto uliizawadia cheo.
Nyumba ya Baba itaizawadia nini?

Na nikakutaja. Nilikuita jina lako na la baba yako, wazi, mbele ya wakubwa na wanajeshi na ziwa lote. Shilinde wa Bulugu. Nilikuita mara tatu, na Limi akainyamazisha ngoma kama desturi inavyotaka, ili aliyeimbwa ajibu.

Unaijua desturi ya kikundi cha Baba, lakini nairudia usije ukasema imebadilika. Aliyeimbwa ana haki ya kujibu kwa wimbo, uwanjani, na watu hawaondoki mpaka wamsikie. Asipokuwapo, wa nyumba ya baba yake anaweza kumjibia. Asipojibiwa na mtu, maneno yanabaki kama yalivyoimbwa, na yatamfuata hadi kwa wajukuu. Nilijua hupo. Nilijua kwamba wa nyumba ya Baba pale tulikuwa wawili tu, na mmoja ni mimi niliyeuliza. Nikasikia maji yakipiga mitumbwi. Hapo nikaogopa, kaka. Niliona kwamba nimekupeleka mahali ambapo siwezi kukutoa.

Baba akasimama. Aliinuka kwenye gunia kwa fimbo yake, akamsukuma mtu aliyetaka kumsaidia. Akaja mpaka katikati. Kisha Baba akaimba. Baada ya miaka mitano, Shilinde, sauti ikiwa na kutu mwanzoni halafu ikafunguka, ile ileile, na wazee walioijua walivua kofia. Alianza kwa kulitaja jina lako. Alilitaja kama mtu anayemwita mwanawe kutoka machungani, bila hasira, kwa sauti ya kufika mbali. Aliimba kwamba mikono ile ni yake, ameizaa yeye, wala hamwachii mtu mwingine aihukumu. Kwamba ilimbeba vizuri, haikumwangusha. Kwamba hataki samahani yako, hataki cheo chako wala mshahara wako. Akamaliza hivi:

Mkono uliowasha paa ndio ninaoudai paa.
Mwambieni aje aezeke.

Hakuna aliyepiga makofi. Wanajeshi walikuwa wameinamisha vichwa, na mmoja wao, sijui alikuwa na mzigo gani, aliondoka akaenda kusimama peke yake majini na buti zake.

Yaliyofuata ni mafupi. Lori halikutubeba, kama tulivyoahidiwa, na tulirudi kwa miguu na kwa kudandia mikokoteni, tukilala kwa watu waliotuita waliposikia sisi ndio wale wa Nyamirembe. Kila tulipolala tuliombwa kuimba. Idefonsi alikuja kuichukua ngoma yake akiwa amevimba, akaniuliza tumepigia nini. Nikamwambia tumepigia maungamo. Aliondoka nayo akitikisa kichwa, lakini nilimwona anacheka. Bwana Anastazi naye aliniita ofisini, akasema nimemchafua shujaa, nimetukana Operesheni ya kuhamia vijijini, na nimeaibisha tamasha. Nikamwambia kwamba shujaa ni kaka yangu na sijamchafua, nimemwimba mzima mzima, mbele na nyuma. Akanipa karatasi na kalamu niandike barua ya kuomba radhi. Karatasi ndiyo hii unayoisoma. Ilikuwa nzuri mno kuipotezea uongo.

Sikuombi radhi na wewe pia. Ningekuwa naomba, ningekuwa nimekuandikia jambo jingine. Nakuandikia kwa sababu desturi inamtaka manju, akimwimba mtu asiyekuwapo, ampelekee habari yeye mwenyewe, kwa jina lake, bila kuficha neno, ili asije akasema hakuitwa. Nimekuita. Umeitwa na mimi, na umeitwa na Baba, ambaye tangu siku ile jina lako halimtoki mdomoni. Ndama jike sasa anaitwa ndama wa Shilinde, na kila anayepita anaambiwa.

Jambo la mwisho. Nyasi za kuezekea tumekwisha kukata, na miti ya kuta imesimama. Lakini hazipo hapa Kaniha. Zipo Mwabulugu, kando ya kaburi la Mama, palepale penye majivu. Baba amekataa kujenga mahali pengine, na mimi nimekataa kumkataza. Ofisi imeleta onyo kwamba hakuna ruhusa ya kurudi mahameni, na kwamba nyumba yoyote itakayoonekana huko itabomolewa. Waje. Safari hii watanikuta mimi kizingitini, na mimi si mwepesi wa kubebwa kama Baba. Mvua zinaanza mwezi ujao. Omba likizo. Njoo na koti lako la jeshi na ukoplo wako, wakikukuta juu ya paa wajue ni nani wanayemwambia ashuke.

Usinijibu kwa barua. Ukijibu kwa barua sitaisoma, nitafungia chumvi. Jibu lako uwanja wake unaujua, na njia panda haijahama.

Wanangu wanakusalimu mjomba wao, Limi anakusalimu, na Malongo anasema umrudishie kiberiti chake alichokisahau kwako. Nilimwambia hicho nitakuandikia kwa furaha. Baba hakutoa salamu, alisema alizokutumia Nyamirembe zinatosha.

Ubaki salama mpaka tutakapokuona juu ya paa.

Ni mimi mdogo wako,
Kwandu Bulugu,
manju wa Mwabulugu.